Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vikundi vya Mazoezi, Juu ya Mizani Iliyogoma

Kwa Waheshimiwa wenyeviti, makatibu na walimu wa vikundi vya mazoezi vya Tanga na miji mingine ya pwani.



Nawaandikia mimi mwanachama wa kimoja katika vikundi hivyo, mtu wa safu ya nyuma katika mchakamchaka lakini wa safu ya mbele katika karatasi, kwa kuwa ndimi niliyekabidhiwa kazi ya kuandika uzito wa kila mtu kila Jumamosi asubuhi. Na haja yangu kwenu ni moja, ambayo nimeipima kwa muda mrefu kabla ya kuitia wino: kwamba mtu ambaye uzito wake umesimama, ilhali anakimbia pamoja nasi na anahisabu kalori zake kama mlivyomfundisha, asihukumiwe tena mbele ya wenzake kuwa ni mvivu au mlafi, wala asiamriwe papo hapo kukata chakula na kuongeza mbio, mpaka sababu ya kusimama kwake itazamwe kwa utulivu na kwa insafu.

Sikuja kubomoa. Wenye umri kama wangu wanazikumbuka zama ambazo mtu mzima akionekana anakimbia barabarani bila ya kufukuzwa na mbwa wala polisi, watu walimdhania amepatwa na wazimu, na mama wa nyumbani aliyethubutu kuvaa raba akatoka alfajiri alisemwa mpaka kisimani. Lakini leo, kwa juhudi zenu, kutoka Chumbageni hadi Raskazone hupita jamii za watu wa kila umri katika fulana za rangi moja, wakiimba na kupiga makofi, na ng'ambo ya bahari kule Unguja tarehe 1 Januari kila mwaka imekuwa siku ya mazoezi ambayo hata wakubwa wa serikali hutembea kwa miguu pamoja na raia. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 limewataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, na wanachama wenu wengi wanaitimiza kadiri hiyo bila hata ya kujua kuwa iliandikwa. Faida yake kwa shinikizo la damu, kwa sukari, kwa usingizi na kwa furaha ya moyo haina mjadala, na mtu asiyepungua hata nusu kilo huipata yote. Hapo sina ugomvi na yeyote.

Ugomvi wangu ni na ubao. Ninyi mnaujua, kwani vikundi vingi sasa vimeuiga: mizani ya kioo huwekwa juu ya sakafu ya saruji, wanachama hupanga mstari wakiwa na jasho lao, mmoja baada ya mmoja huvua makubadhi na kupanda, mwalimu husoma namba kwa sauti, nami huiandika daftarini na kisha ubaoni, kwa wino wa kijani kwa aliyepungua, mweusi kwa aliyesimama, na mwekundu kwa aliyeongezeka, na kabla watu hawajafika majumbani mwao picha ya ubao huo imekwisha kuingia katika simu za wote. Yuko mama mmoja wa makamo, fundi cherahani, ambaye alianza na kilo 88, na kwa muda wa miezi akashuka hadi 78, akapigiwa makofi kila Jumamosi kama bwana harusi; kisha mizani ikagoma. Juma hili 78, juma lijalo 78 na nukta sita, linalofuata 78 tena. Mwalimu alivumilia kidogo, halafu akamwambia mbele ya kadamnasi kwamba mwili haudanganyi, kwamba bila shaka anakula usiku watoto wakilala, na kwamba kuanzia siku ile asizidishe kalori 1,000 na aongeze mbio za jioni. Yule mama hakujibu. Alivaa makubadhi yake, akaja karibu na meza yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeandika nukta sita au nukta tano.

Hukumu ile ilitokana na hisabu, na kwa kuwa mwalimu aliitoa kwa nia njema, ni vyema tuikague hisabu yenyewe. Mwaka 1958 tabibu mmoja wa New York, Max Wishnofsky, alikokotoa kwamba ratili moja ya mafuta ya mwili ina thamani ya kalori 3,500, ambazo kwa kilo ni kama 7,700. Na tangu siku hizo kanuni hiyo imehamishwa kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka imekuwa kama sharia, kwamba apunguzaye kalori 500 kila siku atapungua ratili moja kila juma. Kama kadirio la majuma ya mwanzo, halina ubaya mkubwa. Ubaya ni kulifanya ahadi ya daima. Kwa maana mtu wa ratili 180 akilishika bila kukosa siku, basi katika mwaka wa nne ingetulazimu kumfuta katika orodha ya wanachama kwa sababu ya kutokuwepo duniani.

Kosa lake haliko katika kuzidisha wala kugawanya, bali katika kudhani kwamba mwili uliopungua hutumia sawasawa na mwili uliokuwa mnene. Chukueni kanuni ambayo matabibu wa lishe huitumia tangu mwaka 1990 kukadiria matumizi ya mwili ukiwa umelala tu, kanuni ya Mifflin na wenzake, muitie katika hali ya yule fundi cherahani, ambaye tuseme ana miaka 42 na urefu wa sentimita 160: alipokuwa na kilo 88 mwili wake ulihitaji kwa kadiri ya kalori 1,510 kwa siku bila ya kuinua hata sindano, na kwa kilo 78 unahitaji kama 1,410. Kalori 100 zimekwisha toweka naye hajakosa lolote. Kisha mbio: mtu akimbiapo hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita zile zile 6 ambazo zamani zilimgharimu 528 sasa zinamgharimu 468. Zimekwenda 60 nyingine. Mtu huyu anakula chakula kile kile, anapita njia ile ile, anaimba nyimbo zile zile, na pengo alilolifungua baina ya kinachoingia na kinachotoka limezibika zaidi ya kalori 150 kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba amefaulu.

Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliichapisha mwaka 2011 hisabu iliyo karibu zaidi na ukweli, nayo yasema kwamba kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku na kudumishwa hivyo humpeleka, hatimaye, kwenye upungufu wa kilo 1, nusu yake ikifika kwa muda wa mwaka mmoja, na karibu yote kwa miaka 3. Maana yake, mwenye kupunguza kalori 240 kwa siku ameagiza kilo 10, na zikitimia kilo hizo mizani husimama kwa haki yake, kama jahazi lililofika bandari liliyoandikiwa. Akitaka kwenda mbele zaidi, ni lazima safari mpya ipangwe kwa hisabu mpya. Na kumwita mlafi kwa kuwa ile ya kwanza imekwisha ni dhuluma, ingawa haikukusudiwa.

Juu ya hayo kuna ubahili wa mwili, ambao nao una ushahidi wa kale kuliko wengi wetu. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye siha njema, waliokataa vita kwa dhamiri zao na kujitolea badala yake kwa elimu hii, akawalisha kwa majuma 24 karibu ya nusu ya walichokizoea, huku akiwataka watembee maili 22 kila juma. Nao wakapoteza kama robo ya uzito wao. Kilichopungua hakikuwa nyama tu. Matumizi ya mwili uliotulia yalishuka kwa karibu 40 kwa 100, vijana wakahisi baridi wakati wa joto, wakapanda ngazi kwa kusita, wakapoteza hamu ya kila jambo isipokuwa chakula, wakakiota na kukizungumza na kukusanya vitabu vya mapishi. Miaka 50 baadaye, mwaka 1995, Rudolph Leibel na wenzake wakaonyesha kwamba hata aliyepunguza sehemu 10 tu kwa 100 ya uzito wake, matumizi yake hushuka kuliko inavyostahili kwa udogo wa mwili wake mpya. Sehemu ya ubahili huo haionekani kwa macho: mtu hapungi mikono azungumzapo, huagiza maji aletewe badala ya kuyafuata, hukaa kitako pale ambapo mwezi uliopita angesimama. Mwili hauombi ruhusa katika haya.

Basi ikiwa mwili umekwisha kuona dhiki na kuanza kubana, nini hutokea ukiambiwa ubanwe zaidi kwa kalori 1,000 na mbio mara mbili? Namba hushuka kwa juma moja au mawili, mwalimu huona amethibitisha hoja yake, kisha hufuata uchovu, magoti, hasira nyumbani, na usiku mmoja wa njaa ambao hufuta kazi ya siku nyingi. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na hapa tunawafundisha watu kuupiga kwa mikono miwili.

Najua mtakalonijibu, kwani nimelisikia: kwamba wapo wanaosema wamekula 1,200 nao wamekula mara mbili yake. Wapo, tena ni wengi, na insafu niliyoiomba kwenu inanilazimu niikiri hoja hii kwa ukamilifu. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake, huko New York, waliwapima watu 10 waliodai kuwa hawapungui hata wakila kidogo, na wakawakuta wameandika kwa wastani kama kalori 1,030 kwa siku ilhali wamekula karibu 2,080, na mazoezi yao wameyakuza kwa nusu nzima zaidi ya yalivyokuwa. Miili yao, ikipimwa, haikuwa na ajabu yoyote. Lakini muitazame habari hiyo kwa makini, maana watu wale walikuwa wanajua kwamba wanapimwa, na bado waliandika walivyoandika. Aliyekosa kuona si sawa na aliyeficha. Mwizi hatafuti daktari wa kumkagua.

Nami nilitaka kujua kwetu kosa hilo linaingilia mlango gani, nikamwomba yule mama, kwa idhini ya mumewe na mbele ya binti zake, anipikie kama apikavyo siku zote. Alikuwa na daftari safi kuliko langu. Mchicha ulikuwa umeandikwa kalori 40, kama programu ya simu ilivyomwambia. Akabandika sufuria, akakata kitunguu, kisha akaliinamisha dumu la mafuta kwa mkono uliozoea, akazungusha mara moja, akalisimamisha. Nikamwomba arudie kitendo kile kile juu ya bakuli tupu, tukayachota mafuta kwa kijiko cha chakula: vijiko 4 na mabaki. Kijiko kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, kwa hiyo katika mboga ile ya kalori 40 palikuwa na karibu 500 ambazo hazikuandikwa popote, na vijiko 3 peke yake vina nguvu sawa na gramu 100 za unga wa mahindi, ambazo yeye alikuwa anazipima kwa mizani ya dukani na kuzikata kwa uchungu. Kisha tui. Kikombe kimoja cha tui zito kina zaidi ya kalori 500, na programu ile, iliyotungwa na watu ambao hawajapata kukuna nazi, ilimpa chaguo la samaki wa kuchoma, samaki wa kukaanga, na samaki wa kopo, ikamnyima samaki wa kupaka. Chai yake ya rangi ilikuwa na vijiko 3 vya sukari, kila kijiko kalori 16, vikombe 3 kwa siku. Hiyo nayo haikuandikwa, kwa sababu chai kwetu haihesabiwi kuwa chakula. Kula usiku hakukuwako. Kulikuwa na mkono wa mama na bibi yake, ulioinamisha dumu kwa mazoea, na hakuna yeyote katika sisi, viongozi na walimu na mimi mwenye kalamu, aliyewahi kumwambia apime mafuta. Tulimwambia apunguze ugali.

Tiba ya jambo hili haikuhitaji maili hata moja ya nyongeza. Kijiko kilifungwa kwa uzi katika shingo ya dumu, tui la kwanza likabaki kwa siku ya Ijumaa na la pili likatumika siku nyingine, sukari ikashuka hadi kijiko kimoja; na ugali ukarudi mezani kwa kiasi cha kushibisha. Kama ni kuhisabu, basi tuhisabu vyakula vyetu kwa majedwali yetu. Yapo Majedwali ya Viini Lishe vya Vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na chuo cha Harvard. Na Kenya nayo ilitoa ya kwake mwaka 2018. Sijaona kikundi hata kimoja chenye nakala katika kabati lake, na fulana mpya tunashona kila mwaka.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, lipo swali ambalo lingepaswa kutangulia, nalo ni kama uzito umesimama kweli. Namba ya Jumamosi moja ni khabari ndogo mno. Mwili huhifadhi sukari ya akiba katika ini na misuli, na kila gramu yake hushikamana na kama gramu 3 za maji; ndiyo maana mwanachama mpya hupoteza kilo 2 katika juma la kwanza akashangiliwa, ingawa nyingi katika hizo ni maji, na ndiyo maana aliyekula biriani ya harusi Ijumaa usiku hupandishwa wino mwekundu asubuhi yake bila ya kuwa ameongeza unene wa maana. Chumvi huzuia maji. Misuli iliyochoka kwa zoezi jipya huzuia maji. Wanawake katika siku zao, na kabla yake, huzuia maji, na kuwasomea namba zao hadharani katika siku hizo ni ukosefu wa adabu ambao nastaajabu umetupita bila kuonwa. Mtu aweza kupungua mafuta kwa majuma 3 huku maji yakiificha kazi yake yote. Kwa hiyo nasema: asiitwe aliyekwama yeyote ambaye hajapimwa asubuhi kabla ya kula, mara kadhaa kwa juma, kwa faragha, na wastani wa mwezi ukalinganishwa na wastani wa mwezi, na kiuno kikapimwa kwa utepe. Yule fundi cherahani alipunguza kiuno cha gauni lake katika majuma yale yale ambayo ubao ulimwandika mweusi. Yeye mwenyewe alilipunguza, kwa sindano yake, wala hakuthubutu kuihesabu habari hiyo kuwa ushahidi.

Naja sasa kwenye imani yenu kubwa, kwamba dawa ya kila kusimama ni mbio zaidi. Hapa nchi yetu yenyewe imetoa somo kwa dunia. Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, watu ambao wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku katika kuwinda na kufuata asali, na wanawake wao karibu 6 katika kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Wakawanywesha maji yaliyotiwa alama ambayo hupimwa baadaye katika mkojo ili kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwashangaza hata waliouliza: ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawatumii kalori zaidi kwa siku kuliko karani wa Marekani au Ulaya. Hao si watu wavivu. Ila mwili uendao sana, kwa dalili hizi, hubana mahali pengine, na kilomita ya kumi haiongezi matumizi kama ya kwanza ilivyoyaongeza. Wataalamu wangali wanabishana juu ya kadiri ya jambo hilo, lakini hakuna katika pande zote mbili anayeahidi kwamba kuzidisha mbio mara mbili kutazidisha upungufu mara mbili. Na saa za mkononi zinazotangaza kalori 700 baada ya mchakamchaka mmoja zimewafanya wengi wetu wapitie kwenye chipsi mayai kwa dhamiri iliyotulia.

Kinachokosekana katika vikundi vyetu, na mwongozo ule ule wa mwaka 2020 umekitaja, ni mazoezi ya nguvu kwa siku 2 au zaidi katika juma. Apunguaye kwa njaa na mbio peke yake hupunguza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayombeba, ndiyo itakayomwinua kitini akiwa na miaka 75. Haihitaji jimu ya vioo. Kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu ukutani kwa asiyeweza chini, kunyanyua madumu ya maji au vyuma vya saruji kama vile vijana wa mitaani wavitengenezavyo, hutosha kwa mwaka mzima. Na sahani iwe na dagaa, samaki, maharage, kunde au mayai, kadiri ya gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ili misuli hiyo isiliwe na mwenyewe. Mkiikata siku moja ya mbio mkaiweka hii mahali pake, hamtapoteza kitu.

Na aliyechoka apewe likizo. Si likizo ya kurudi kwenye kaimati kwa sahani, bali majuma 2 ya kula kiasi kinachomweka pale alipo, bila kupungua wala kuongezeka. Utafiti mmoja wa Australia, juu ya wanaume 51, uliwakuta waliopumzika majuma 2 baada ya kila majuma 2 ya kujinyima wamepungua kuliko wasiopumzika. Uchunguzi mwingine uliofuata haukuikuta ziada hiyo, kwa hiyo siwauzii muujiza. Nawauzia watu ambao hawatoroki kikundi. Kwa sisi wa pwani likizo hiyo ina mahali pake panapojulikana, mwezi wa Shawwal ukiandama.

Juu ya chai za kupunguza mwili zinazouzwa kando ya mizani na baadhi ya walimu nitasema machache, kwa kuwa zinanichefua: nyingi kati yake ni sanamaki ndani ya karatasi nzuri, nazo hupunguza alichokila mtu jana pamoja na maji yake, wala haziondoi mafuta hata chembe.

Yabaki makundi mawili ambayo ubao hauwezi kuyatambua. La kwanza ni la wale ambao maradhi au dawa zinawazuia, wenye tezi ya shingo iliyolegea, wanaotumia insulini, au dawa za pumu na viungo za jamii ya steroidi. Hao mahali pao ni kwa tabibu, na mwalimu asiyejua kuuliza dawa anazotumia mtu hana haki ya kumpangia chakula. La pili ni la waliofika. Mtu aliyetoka kilo 88 hadi 78, shinikizo la damu likashuka, akapanda ngazi za soko bila kupumzika, huenda amefika mahali ambapo mwili wake na maisha yake vinapatana, na kudumu hapo kwa miaka 5 ni kazi ngumu kuliko kufika. Kwa ubao wetu mtu huyo ni mweusi kila Jumamosi. Ningependa tupate rangi yake, au tufute rangi zote.

Ninayoyaomba, basi, nimeyapeleka kwa katibu wa kikundi changu yaingie katika mkutano wa robo mwaka, nayo ni haya: ubao ushuke na picha zake zisitumwe tena, uzito uandikwe kwa faragha na kusomwa kwa wastani wa mwezi pamoja na kipimo cha kiuno, asiwepo mwalimu wa kumwamuru mtu kula chini ya anachokihitaji bila ya neno la mtu wa lishe, siku moja ya mbio iwe ya nguvu, na fedha za fulana za mwaka huu zinunue mizani ya jikoni mbili, seti za vijiko vya kupimia, na nakala za majedwali, ziazimwe kwa zamu majumbani. Mhasibu amekwisha kuniambia kwamba fulana zimekwisha agizwa. Nimemjibu kwamba fundi wake hajalipwa hata arbuni, nami nimehakikisha.

Mwenye hoja ya kunipinga nitashukuru akija nayo siku ya mkutano huo, baada ya swala ya alasiri, ikiwa imeandikwa pamoja na hisabu zake, ili tuisome mezani badala ya kuizungumza barabarani.

Wasalaam,

Mwandishi wa daftari la uzito,
Tanga.